Kocha Mpya na Timu Iliyozoea Kushindwa: Somo la Sababu na Matokeo

Tarehe 30 Septemba 1989, katika mji mdogo wa Manhattan, jimbo la Kansas, katikati ya Marekani, muda wa mechi ulikuwa umekwisha wakati mpira wa mwisho ulipokuwa bado hewani. Mpira huo ulidakwa na mchezaji wa timu ya nyumbani ndani ya eneo la lengo la wapinzani, na timu ya Chuo Kikuu cha Kansas State ikaishinda timu ya North Texas kwa pointi 20 kwa 17. Kwa chuo kingine ushindi huo usingekuwa habari kubwa. Kwa Kansas State ulikuwa ushindi wa kwanza tangu mwaka 1986. Katika mechi 27 zilizotangulia timu hiyo ilikuwa imeshindwa mara 26 na kutoka sare mara moja tu.

Mechi hiyo ilikuwa ya nne kwa kocha mkuu mpya, Bill Snyder. Ni rahisi kusema kwamba kocha mpya alikuja na ushindi ukaja. Lakini je, jambo moja kulifuata jingine ni ushahidi kwamba la kwanza limesababisha la pili? Jogoo huwika na jua likachomoza, wala hakuna mwanafunzi anayeamini kwamba jogoo ndiye aliyelichomoza. Swali hili la sababu na matokeo ni msingi wa kila sayansi, na historia ya timu ya Kansas State ni mfano mzuri wa kulichunguza, kwa kuwa takwimu zake zimehifadhiwa mwaka hadi mwaka.

MCHEZO WENYEWE

Futiboli inayozungumzwa hapa siyo kandanda. Ni mchezo wa Kimarekani unaochezwa kwa mpira uliochongoka ncha mbili, unaorushwa na kubebwa kwa mikono zaidi kuliko kupigwa kwa miguu. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani karibu mita 91, na kila mwisho una eneo la lengo lenye kina cha yadi 10. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nafasi nyingine nne, na ikishindwa huupoteza mpira. Kuufikisha mpira ndani ya eneo la lengo la wapinzani huleta pointi 6, na kuupiga kwa mguu upite kati ya milingoti ya goli katika mwendo wa mchezo huleta pointi 3.

Jambo la kukumbukwa ni kwamba mchezo huu una mgawanyo mkubwa wa kazi. Wanaoshambulia si wale wanaolinda, na kila kundi lina makocha wake wasaidizi. Kwa hiyo kocha mkuu ni mfano wa mkuu wa shule kubwa kuliko mwalimu wa somo moja. Huchagua wasaidizi, hupanga ratiba ya mazoezi, huzunguka katika shule za sekondari kutafuta vijana, na huangalia chakula, masomo na mwenendo wao. Kutokana na wingi wa kazi hizo, mtu anayetaka kujua kama kocha ameleta mabadiliko hana budi kwanza kujua ni mabadiliko gani yaliyo katika uwezo wake.

HALI ILIVYOKUWA KABLA YA MWAKA 1989

Timu ya Kansas State ilikuwa imecheza kwa zaidi ya miaka 90. Katika muda huo wote ilikuwa imeshinda mechi 299, imeshindwa mechi 510, na kutoka sare mara 41. Hakuna timu nyingine ya daraja la juu la vyuo vikuu iliyokuwa imeshindwa mechi nyingi kiasi hicho. Ilikuwa imealikwa mara moja tu, mwaka 1982, kucheza mojawapo ya mechi za heshima ambazo hufanywa mwishoni mwa msimu kwa timu zilizofanya vizuri. Mwaka 1987 haikushinda hata mechi moja, ikaambulia sare moja. Mwaka 1988 ilishindwa mechi zote 11.

Je, hali hiyo ingeweza kuwa bahati mbaya tu? Hesabu ya uwezekano inaweza kujibu. Tuseme timu ina nafasi moja katika kumi ya kushinda kila mechi. Nafasi yake ya kutoshinda mechi moja ni 0.9. Nafasi ya kutoshinda mechi 27 mfululizo ni 0.9 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 27, nayo ni karibu 0.06, yaani mara 6 katika 100. Kama timu ingekuwa na nafasi moja katika tano, uwezekano huo ungeshuka hadi mara 2 au 3 katika 1,000. Hivyo ni dhahiri kwamba udhaifu wa Kansas State ulikuwa wa kweli. Bahati huweza kuiangusha timu nzuri katika mechi moja au mbili, lakini haiwezi kwa urahisi kuiangusha katika mechi 27.

ALICHOKIFANYA KOCHA

Snyder alizaliwa mwaka 1939. Kabla ya kuteuliwa alikuwa msaidizi wa kocha Hayden Fry, kwanza katika chuo kile kile cha North Texas, na kuanzia mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Iowa. Iowa nayo ilikuwa imepitia misimu 17 mfululizo bila kushinda zaidi ya kushindwa. Msururu huo ulikatika mwaka 1981 chini ya Fry. Kwa hiyo Snyder alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake jinsi timu iliyoanguka inavyoinuliwa, na muda unaohitajika.

Aliweka mbele ya wachezaji wake malengo 16. Miongoni mwake yalikuwa kujitoa kwa dhati, kutokuwa na choyo, umoja, kujiongoza wenyewe, kupunguza makosa, na kuwa bora kila siku kuliko jana. Katika malengo hayo hapakuwa na idadi ya mechi za kushinda. Jambo hili lafaa kuangaliwa kwa makini. Ushindi hutegemea pia nguvu za mpinzani, hali ya hewa, maamuzi ya waamuzi na bahati, mambo ambayo mchezaji hana uwezo nayo. Bali idadi ya makosa katika mazoezi, uzito unaonyanyuliwa na mapigo yanayokumbukwa ni mambo yanayoweza kupimwa na kurekebishwa kila siku. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ni lazima kibaba chenyewe kiwepo ili ijulikane kama kinajaa.

Aidha, aliwatafuta wachezaji mahali ambapo vyuo vyenye majina havikuangalia sana. Kijana hodari wa sekondari hakuwa tayari kujiunga na timu inayochekwa nchi nzima. Kwa sababu hiyo Snyder aliandikisha vijana wengi kutoka vyuo vidogo vya miaka miwili. Mmoja wao alikuwa Michael Bishop, aliyetoka Blinn College ya Texas, ambaye mwaka 1998 alishika nafasi ya pili katika kura ya kumchagua mchezaji bora wa vyuo vya Marekani.

KWA NINI MATOKEO HUCHELEWA

Baada ya ushindi ule wa Septemba 1989 timu haikushinda tena mwaka huo. Ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 1 na kushindwa 10. Mtu aliyekuwa na haraka angeweza kusema kwamba kocha mpya ameshindwa. Ziko sababu mbili za kisayansi za kutotoa hukumu mapema namna hiyo.

Sababu ya kwanza ni ya mwili wa binadamu. Misuli huimarika pale inapobebeshwa mzigo kuzidi ule iliouzoea, kisha ikapewa chakula na mapumziko. Katika majuma ya mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa kuwa mishipa ya fahamu hujifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Kukua kwa misuli yenyewe huonekana baadaye, kwa miezi. Kuhusu ustadi, mchezaji wa futiboli hana nafasi ya kufikiri kwa kirefu mpira unapotembea. Tendo lazima lirudiwe mpaka mwili ulifanye wenyewe, na hilo halipatikani kwa msimu mmoja.

Sababu ya pili ni ya hesabu ya rika. Kwa taratibu za wakati huo mwanafunzi aliruhusiwa kuchezea chuo chake misimu minne ndani ya miaka mitano, na wengi walitumia mwaka wa kwanza kwa mazoezi bila kucheza. Kwa hiyo kijana aliyeingia chuoni mwaka 1989 aliweza kufikia msimu wake wa mwisho mwaka 1993. Mpaka hapo timu ilikuwa mchanganyiko wa wachezaji waliokutwa na wachezaji walioletwa. Apandaye mnazi hatazamii madafu mwaka ule ule, na anayeukata kwa sababu haujazaa hatajua kamwe kama ulikuwa mbegu njema.

Takwimu zinalingana na maelezo hayo. Matokeo ya misimu ya mwanzo yalikuwa hivi:

1989: ushindi 1, kushindwa 10
1990: ushindi 5, kushindwa 6
1991: ushindi 7, kushindwa 4
1992: ushindi 5, kushindwa 6
1993: ushindi 9, kushindwa 2, sare 1

Msimu wa 1993 ulimalizika kwa mechi ya heshima ambamo Kansas State iliishinda Wyoming kwa pointi 52 kwa 17. Kuanzia hapo timu ilialikwa katika mechi za aina hiyo kila mwaka kwa miaka 11 mfululizo.

BAHATI NA KUREJEA KWENYE WASTANI

Hata hivyo mwanasayansi hatosheki na orodha inayopanda. Lazima aulize: kama kocha asingebadilishwa, je, matokeo yangebaki vile vile?

Mwaka 1886 mtaalamu wa Kiingereza, Francis Galton, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya vimo vya wazazi na watoto. Aligundua kwamba wazazi warefu sana huzaa watoto ambao kwa wastani ni warefu, lakini si warefu kama wao. Na wazazi wafupi sana huzaa watoto ambao kwa wastani si wafupi kama wao. Kila kipimo kinachotokana na mchanganyiko wa uwezo na bahati hufuata kanuni hiyo. Kipimo kikiwa chini kupita kiasi, kinachofuata huelekea kuwa juu yake, hata kama hakuna lililobadilishwa. Hali hii huitwa kurejea kwenye wastani.

Sasa, makocha hufukuzwa lini? Hufukuzwa baada ya mwaka mbaya kupita mingine, na kocha mpya huingia wakati ambapo timu iko chini ya kiwango chake cha kawaida. Hivyo mwaka wake wa kwanza au wa pili huelekea kuwa bora hata kama hana analolifanya. Sifa zinazomwangukia huenda si zake, kama vile lawama zilizomwangukia aliyemtangulia huenda hazikuwa zake zote.

KUPIMA KWA HESABU

Kanuni hii inaweza kutumiwa kwa Kansas State. Katika historia yake yote kabla ya 1989 timu ilishinda 299 kati ya mechi 850, yaani asilimia 35. Kama ingerejea tu kwenye wastani wake wa kale, katika msimu wa mechi 11 ingetazamiwa kushinda karibu mechi 4. Lakini hata timu isiyobadilika haishindi idadi ile ile kila mwaka. Kiasi cha mtawanyiko wa kawaida hupatikana kwa kuzidisha idadi ya mechi kwa uwezekano wa kushinda, kisha kwa uwezekano wa kutoshinda, na kutafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa mechi 11 na uwezekano wa 0.35 mtawanyiko huo ni karibu 1.6.

Ushindi wa mechi 5 mwaka 1990 ulikuwa ndani ya mtawanyiko huo. Maana yake ni kwamba mtu mwenye shaka angeweza kusema, bila kukosea, kwamba timu imerejea tu kwenye wastani wake. Ushindi wa mechi 7 mwaka 1991 ulizidi matazamio kwa karibu mara 2 ya mtawanyiko. Lilikuwa jambo la kutia matumaini, lakini mwaka uliofuata timu ilirudi kwenye 5. Miaka minne baada ya kocha kuingia ushahidi ulikuwa bado mchanga.

Hali inabadilika inapotazamwa miaka 11 iliyofuata. Kuanzia 1993 hadi 2003 timu ilicheza mechi 139, ikashinda 109, ikashindwa 29, na kutoka sare 1. Kwa wastani wa zamani ingetazamiwa kushinda mechi 49 hivi, na mtawanyiko wa kawaida ungekuwa chini kidogo ya 6. Ushindi uliopatikana ulizidi matazamio kwa mechi 60, yaani zaidi ya mara 10 ya mtawanyiko. Hapa bahati peke yake haiwezi tena kuwa jibu. Kitu fulani kilikuwa kimebadilika kweli.

SABABU NYINGINE ZINAZOWEZA KUDAIWA

Kukubali kwamba kitu kimebadilika bado si kukubali kwamba kocha ndiye aliyekibadilisha. Nadharia tete nyingine lazima zipewe haki yake.

Ya kwanza ni kwamba timu ilichagua wapinzani dhaifu. Madai haya yana ukweli ndani yake. Sehemu ya mechi za kila msimu hupangwa na chuo chenyewe, na wakosoaji wa Snyder walilalamika mara nyingi kwamba alijichagulia timu nyepesi. Lakini sehemu kubwa ya mechi ilikuwa dhidi ya vyuo vya kundi lake, ambavyo hakuvichagua. Miongoni mwake ilikuwamo Nebraska, iliyotawazwa bingwa wa taifa mwaka 1994 na 1995, na tena mwaka 1997 kwa kugawana heshima hiyo na Michigan. Kansas State haikuwa imeishinda Nebraska tangu mwaka 1968. Mwaka 1998 iliishinda kwa pointi 40 kwa 30. Na mwaka 2003, katika mechi ya kuamua bingwa wa kundi, iliishinda Oklahoma kwa pointi 35 kwa 7, ikapata ubingwa wake wa kwanza wa kundi tangu mwaka 1934.

Ya pili ni mabadiliko ya sheria. Chama cha taifa cha michezo ya vyuo kilipunguza idadi ya wachezaji ambao kila chuo kiliruhusiwa kuwafadhili, kutoka 95 hadi 85 ilipofika mwaka 1994. Vyuo vikubwa havikuweza tena kujirundikia vijana wote hodari, na wengine wakabaki kwa ajili ya vyuo vidogo. Bila shaka hali hiyo ilisaidia. Lakini sheria ilikuwa moja kwa vyuo vyote, na si kila timu dhaifu iliyopanda.

Ya tatu ni fedha na msaada wa uongozi. Jon Wefald alikuwa ameshika uongozi wa chuo mwaka 1986, naye aliamua kwamba timu iinuliwe badala ya kuachwa ife. Nadharia hii ndiyo ngumu kuliko zote kuitenga, kwa kuwa kocha na msaada vilikwenda pamoja. Mkulima aliyetia mbolea na kubadili mbegu katika msimu mmoja hawezi kueleza kwa hakika ni kipi kati ya hivyo viwili kilichoongeza mavuno.

KOCHA ANAPOONDOKA NA KURUDI

Katika maabara, mchunguzi anayetaka kujua athari ya kitu hukitia, kisha hukiondoa, kisha hukirudisha, na kutazama kama matokeo yanafuata. Mambo ya binadamu hayatoi nafasi hiyo mara nyingi, lakini Kansas State iliipata bila kukusudia. Snyder alistaafu mwishoni mwa mwaka 2005. Kocha mwingine aliongoza misimu mitatu, kuanzia 2006 hadi 2008. Mwaka 2009 Snyder alirudi, akabaki hadi mwisho wa msimu wa 2018.

Katika misimu mitatu ya kati timu ilishinda mechi 17 na kushindwa 20, yaani ushindi wa asilimia 46. Katika misimu kumi ya kurudi kwake Snyder timu ilishinda 79 na kushindwa 49, yaani asilimia 62. Mwaka 2012 ilishinda mechi 11 na kupata tena ubingwa wa kundi lake. Kama uwezekano wa asilimia 46 ungeendelea, mechi 128 zingetazamiwa kuleta ushindi 59 hivi. Ushindi 79 umezidi hapo kwa zaidi ya mara 3 ya mtawanyiko wa kawaida.

Msomaji mwangalifu hata hivyo atauliza juu ya miaka miwili iliyotangulia kustaafu. Mwaka 2004 timu ilishinda mechi 4 na kushindwa 7. Mwaka 2005 ilishinda 5 na kushindwa 6. Hiyo ni asilimia 41, chini ya alichokipata kocha aliyemfuata. Kwa hiyo kuanguka kwa timu hakukuanza Snyder alipoondoka; kulianza angalipo. Anayelinganisha miaka ya 2006 hadi 2008 na miaka ya 1993 hadi 2003 peke yake, akiiacha miaka miwili isiyompendeza, anachagua ushahidi wa kuthibitisha aliloliamini tangu mwanzo. Huo ni udanganyifu hata kama kila tarakimu aliyoiandika ni sahihi. Isitoshe, msingi wa mechi 37 ni mdogo mno wa kumhukumia mtu.

Linaloweza kusemwa kwa haki ni hili: matokeo bora yalimfuata Snyder mara mbili, katika nyakati mbili zilizoachana kwa miaka 20, na wachezaji tofauti kabisa. Ushahidi kwamba kazi yake ilikuwa sababu mojawapo ni mzito. Ushahidi kwamba ilikuwa sababu pekee haupo. Jumla ya ushindi wake ilikuwa mechi 215, na uwanja wa chuo hicho unaitwa kwa jina la familia yake tangu mwaka 2005. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa.

VYUO VINGINE

Mfano mmoja, hata ukiwa mzuri namna gani, haufanyi kanuni. Mwaka 2013 watafiti watatu wa Marekani, E. Scott Adler, Michael J. Berry na David Doherty, walitangaza uchunguzi juu ya timu za vyuo vikuu kuanzia mwaka 1997 hadi 2010. Hawakuuliza tu kama timu zilizobadilisha makocha ziliimarika. Walizilinganisha na timu nyingine zilizokuwa katika hali kama yao, lakini ambazo ziliwabakiza makocha wao. Kundi la kulinganishia kama hilo ndilo dawa ya kosa la kurejea kwenye wastani. Waligundua kwamba kwa timu zilizokuwa mbaya sana, kubadilisha kocha kulileta tofauti ndogo tu. Kwa timu za wastani, zile zilizobadilisha zilifanya vibaya zaidi katika miaka iliyofuata kuliko zile zilizovumilia.

Kwa maneno mengine, timu nyingi zilizoanguka huinuka kidogo, kocha abadilishwe asibadilishwe. Kansas State inakumbukwa kwa sababu haikufuata desturi hiyo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba muda unaohitajika haukuwekwa na maumbile peke yake. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wamepewa uhuru mkubwa zaidi wa kuhama chuo kimoja hadi kingine bila kukaa nje msimu mzima. Chuo Kikuu cha Indiana, kilichoshinda mechi 3 tu na kushindwa 9 mwaka 2023, kilimwajiri Curt Cignetti kutoka James Madison, na wachezaji kadhaa wakamfuata. Mwaka 2024 timu hiyo ilishinda mechi 11 na kushindwa 2. Hesabu ya rika iliyoeleza miaka mitano ya Kansas State haiwezi kuhamishiwa kwa Indiana bila kurekebishwa. Sheria za mazingira zikibadilika, nadharia nayo lazima ipimwe upya.

JARIBIO LA DARASANI

Somo hili laweza kuonyeshwa kwa sarafu. Kila mwanafunzi arushe sarafu mara 11 na kuandika idadi ya vichwa, akichukulia kila kichwa kuwa ushindi. Kwa sarafu isiyo na hila, zaidi ya robo tatu ya wanafunzi watapata kati ya 4 na 7. Katika darasa la wanafunzi 40, wanne au watano hivi watapata 3 au pungufu. Mwalimu awatangaze hao kuwa timu zilizoanguka, kisha awape "kocha mpya": kila mmoja arushe sarafu kwa mkono wa kushoto, au akiwa amesimama juu ya kiti. Warushe tena mara 11. Karibu kila mara wastani wa kundi hilo utapanda hadi jirani ya 5 au 6. Wanafunzi waulizwe: je, mkono wa kushoto umeifundisha sarafu?

Kisha waliopata 8 au zaidi nao warushe tena. Wastani wao utashuka. Hawakuwa wamevimba kichwa wala kuzembea.

Matumizi ya somo hili hayaishii viwanjani. Shule ikipata matokeo mabaya ya mtihani mwaka mmoja na ikapewa mkuu mpya, matokeo ya mwaka unaofuata huenda yakapanda. Mkuu wa zamani akabaki na aibu na mpya akavishwa taji, na pengine hakuna kati yao aliyestahili alichopewa. Zahanati, kiwanda na shamba huweza kuhukumiwa hivyo hivyo. Mtu akihukumiwa kwa tarakimu, ana haki ya tarakimu za miaka ya kutosha, zilinganishwe na za wenzake waliokuwa katika hali kama yake, na isiachwe hata moja kwa sababu haipendezi.

MASWALI

1. Kokotoa asilimia ya ushindi wa Kansas State kwa miaka ya 1989 hadi 1992, na uilinganishe na ya miaka yote kabla ya 1989. Je, tofauti hiyo inatosha kuthibitisha kazi ya kocha? Eleza.

2. Timu ina uwezekano wa 0.5 wa kushinda kila mechi. Tafuta mtawanyiko wa kawaida wa ushindi katika mechi 11, kisha katika mechi 110. Kwa nini mechi nyingi hutoa ushahidi bora kuliko chache?

3. Hesabu zilizotumika hapa zinachukulia kwamba kila mechi haitegemei nyingine na kwamba uwezekano wa kushinda ni ule ule daima. Taja mambo mawili ya uwanjani yanayoweza kuharibu dhana hizo.

4. Shule moja ilifaulisha wanafunzi wachache kuliko kawaida mwaka mmoja. Ilipewa mkuu mpya na mwaka uliofuata ufaulu ukapanda. Andika orodha ya habari ambazo ungezihitaji kabla ya kumsifu mkuu mpya au kumlaumu wa zamani.